Barua ya wazi kwa wakuu wa Mombasa: vijana wanajua kwenda, nani atawafunza safari?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa na mawaziri wake wa elimu na vijana. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zote 30. Wakuu wa Wizara ya Kazi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Na walimu wakuu wa shule na vyuo vya ufundi.

Waheshimiwa, salaam.

Kaeni na wasichana wa Gredi 9 pale Kisauni au Mtongwe, muwaulize wanataka kuwa nani. Mbele ya mwalimu watasema daktari, rubani, wakili. Mwalimu akishatoka, mazungumzo yanageuka: nani karudi kutoka Saudia, kaja na nini, pasipoti siku hizi inatoka baada ya wiki ngapi. Wavulana nao wana yao: Dubai kwenye ulinzi, Qatar kwenye mahoteli, au meli. Haya hawakufunzwa darasani. Wameyaona nyumbani, na mtoto huamini macho yake kabla ya kitabu.

Sisi tunaoandika ni watu wa karatasi. Tunasoma mikataba, tunajaza fomu, tunafunza mabaharia, tunapokea simu za wazazi usiku wa manane. Hatuandiki kumkataza mtu kusafiri. Tunaandika kwa sababu ndoto ya safari inaanza mtoto akiwa na miaka kumi na nne, na ofisi zenu zinakutana naye kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na kitu, dirishani, akidai muhuri. Hiyo miaka katikati ameachiwa dalali wa ajira.

Desturi yenyewe si ya juzi. Jahazi zilikuja na kaskazi kuanzia Disemba, zikarudi na kusi baada ya Aprili, na baadhi ya vijana wa Mwambao walipanda kama mabaharia hadi Arabuni. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Ghuba ikaanza kujenga, na safari ya pepo ikawa safari ya ndege. Ila kuna jambo lililopotea hapo. Zamani pepo zenyewe zilimrudisha mtu. Aliyekwenda na kusi alijua kaskazi italeta chombo chake, na nyumbani walijua mwezi wa kumtazamia. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, walisema, na walikuwa na kalenda ya marejeo hayo. Leo mkataba wa kazi za nyumbani ni wa miaka miwili, na siku ya kurudi haina mpango: si kwa kijana, si kwa mzazi, na, mtuwie radhi, si kwa ofisi zenu.

Tuanze na kile mtoto anachokiona. Anaona mablanketi mazito ya Saudia, yale ya manyoya, yamekunjwa juu ya kabati katika mji ambao feni haizimwi mwaka mzima. Anaona udi, dahabu ya shangazi, simu kubwa. Anaona nyumba ya mawe ambayo nguzo zake zimeachwa na vyuma vimechomoza juu, vinapata kutu, vikingoja ghorofa. Mtaa mzima unajua vile vyuma maana yake nini: mwenye nyumba bado yuko huko. Asichokiona ni hesabu iliyovisimamisha, na hesabu hiyo tunaomba iandikwe ubaoni katika kila shule ya kaunti hii.

Mikataba mingi ya kazi za nyumbani Saudia imekuwa ya riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986, dola moja kwa riyali 3.75, kwa hivyo riyali 900 ni dola 240. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, ni shilingi 30,960, na chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Kwa miezi 24 ni 743,040. Hiyo laki saba na kitu ndiyo nambari inayotembea maskani. Sasa tuikate kwa mfano wa kawaida. Nyumbani zinatumwa elfu ishirini kila mwezi, maana kuna karo ya wadogo, kodi na dawa za bibi: 480,000 zimekwenda. Bando za simu, sabuni na nguo, tuseme elfu tatu kwa mwezi: 72,000. Deni alilochukua kabla ya safari, pamoja na riba, 60,000. Zinabaki 131,040. Zinachimba msingi na kusimamisha nguzo kadhaa. Paa ni la mkataba wa pili. Ndiyo sababu vyuma vinachomoza, na ndiyo sababu anayerudi likizo huonekana mkwasi kwa wiki sita kisha anaondoka tena kimya kimya. Mdogo wake anaziona zile wiki sita tu.

Ubaoni kuwe na safu ya pili pia, tusije tukawadanganya watoto. Kuanzia Novemba 2024, sheria yasema mfanyakazi wa nyumbani katika mji wa Mombasa asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ni nyumba ngapi Nyali zinalipa hiyo, mnajua wenyewe. Msichana anayepata elfu nane Nyali, halafu anaambiwa elfu thelathini na chakula juu, hahitaji kushawishiwa na mtu. Na kwa wavulana kuna habari ya bandari. Mwaka 2019 lilitoka agizo makasha ya mizigo yapelekwe bara kwa reli ya SGR. Madereva wa malori, matanboi wasaidizi wao, mafundi wa gereji, kina mama wa vibanda vya chakula Changamwe na Miritini, wote wakaliona shimo mfukoni. Agizo liliondolewa Septemba 2022, lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi na mbili wakati huo alishamwona baba yake akikaa barazani miaka mitatu huku pesa za unga zikitoka kwa mama mdogo aliyeko Riyadh. Mtoto huyo keshajifunza kazi iko wapi. Semina ya siku moja haitamfunza lingine.

Kwa hivyo tusizungumzie kama vijana waende au wasiende. Serikali yenyewe ina mpango wa Kazi Majuu, wa kuwapeleka Wakenya kazini ng'ambo, na Benki Kuu huhesabu pesa zinazotumwa nchini: mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya dola bilioni 4.9. Tuzungumzie nini kinaharibika, wapi, na nani kati yenu anaweza kukirekebisha.

Kinaanza kuharibika kwa mpangilio wa karatasi. Dalali wa mtaani humpeleka msichana kupimwa afya kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu aliyekwisha kupimwa amekwisha kufungwa na deni. Cheti cha vipimo vya nchi za Ghuba huishi miezi michache tu. Viza ikichelewa, muda unakwisha, anapimwa tena, na deni linaongezeka. Vipimo hivyo hutazama virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, ujauzito na picha ya kifua. Picha ya kifua ndiyo inayowaangusha wasiotarajia: alama ya kifua kikuu cha zamani, kilichotibiwa kikapona kabisa, inatosha kumfelisha mtu. Tumeona dahabu ya mama ikiuzwa kabla ya picha hiyo kupigwa. Njia ya busara ni kupiga picha ya kifua kwanza, peke yake, kwenye hospitali yoyote ya karibu, kabla hata ya pasipoti.

Kisha pesa. Kwa kazi za nyumbani Saudia, mwajiri ndiye hulipa ada ya ajenti, viza na tiketi. Pasipoti na cheti cha tabia njema ni vya kijana mwenyewe, na vyote huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Zaidi ya hapo kila shilingi iulizwe ni ya nini na iandikiwe risiti. Neno "pesa ya kuharakisha" halimo kwenye sheria yoyote. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hatoi risiti.

Halafu viza. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata dalali aape kwa msahafu kwamba itabadilishwa huko huko. Aliyeingia kwa viza ya matembezi hana mkataba uliosajiliwa, na akidhulumiwa mahali pa kwanza anapopaogopa ni polisi. Mkataba wa kweli wa Saudia kwa kazi za nyumbani hupitia mtandao wa serikali yao uitwao Musaned, na una nambari yake. Ajenti wa hapa awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya wenye leseni ni ya kuangaliwa siku ile ile pesa au pasipoti inapotoka mkononi, si mwaka jana rafiki alipokwenda. Leseni huisha, na zingine hufutwa.

Mkataba wenyewe tunausoma hivi. Jina na nambari ya pasipoti kwanza, herufi kwa herufi. Kisha jina la mwajiri na mji: Riyadh si Hail, na Hail si kijiji cha jangwani nje yake. Kisha mshahara kwa nambari na kwa maneno, na siku ya mwezi unapolipwa. Idadi ya watu nyumbani ni mstari ambao wengi huuruka, lakini ndiyo kazi yenyewe: nyumba ya watu wanne na nyumba ya watu kumi na tatu yenye mzee asiyeamka kitandani zinalipa mshahara ule ule. Siku ya mapumziko. Nani analipa tiketi ya kurudi. Mwisho, kila ukurasa uwe na Kiarabu na Kiingereza sambamba, na nakala moja ibaki Mombasa. Akifika huko akapewa karatasi nyingine ya Kiarabu kitupu aitie sahihi, awe na ya kwanza ya kulinganisha.

Hapa tuna lawama, na tunaileta kwa heshima. Mtoto wa Majengo au Mji wa Kale amekaa madrasa miaka minane. Anasoma Kiarabu kwa tajwidi nzuri kuliko wengi huko anakokwenda. Mpe mkataba, na maneno yanayomhusu haelewi. Hajui kwamba ratib ni mshahara, ijaza ni likizo, jawaz ni pasipoti. Hajui tofauti ya khuruj nihai, yaani kuondoka moja kwa moja, na khuruj wa awda, kuondoka na kurejea. Hizo mbili ni viza mbili tofauti. Anayekuja likizo kwa ya pili, akaamua asirudi, kwenye mtandao wa uhamiaji wa Saudia ameandikwa kama aliyepaswa kurudi akakosa, na siku akitaka viza mpya rekodi hiyo inaweza kumtangulia. Kiarabu kimo kwenye orodha ya lugha za hiari shuleni. Walimu tunao, madrasa tunazo. Maneno mia mbili ya kazi, mkataba na hospitali yanafundishika kwa muhula mmoja, mara mbili kwa wiki. Waziri wa elimu wa kaunti akikaa na walimu wa madrasa na wa shule asubuhi moja, jambo hili limekwisha. Na wasio Waislamu, ambao wanakwenda Ghuba kwa wingi vile vile, wanalihitaji zaidi, kwa kuwa hata herufi hawazijui.

Tuna pendekezo moja ambalo halina gharama ya kutajika, na tunaomba lianze na wadi moja. Kila anayesafiri kwenda kazini aache ukurasa mmoja kwenye ofisi ya wadi na mwingine kwa mzazi. Ukurasa huo uwe na jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, nambari ya viza, nambari ya mkataba, jina la ajenti wa hapa na nambari ya leseni yake, jina la ofisi ya huko, jina la kafili, yaani mwajiri anayemdhamini huko, na simu yake, mji na mtaa. Sehemu ya mwisho inabaki tupu hadi miezi michache baada ya kufika: nambari ya iqama, yaani kibali cha kuishi Saudia. Nambari hiyo ina tarakimu kumi na huanza na 2. Kijana akiipata aipige picha, aitume nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa nini nambari na si jina? Kwa sababu jina la Mwanaisha linaandikwa kwa Kiarabu kwenye uwanja wa ndege na karani asiyelijua, kisha likirudishwa kwa herufi za Kizungu linatoka jina lingine. Mzazi anafika ofisini na jina la Mwanaisha na picha ya harusi ya binamu, ubalozi Riyadh unatafuta Mwanaisha, na kwenye kompyuta ya Saudia hakuna mtu wa jina hilo. Ukiwa na tarakimu kumi, anajulikana yuko kwa nani, kama kafili amemripoti kutoroka, na kama mkataba bado uko hai. Wazazi wengi wanaokuja kwetu hawana tarakimu hata moja. Wana nambari ya WhatsApp iliyozimwa.

Tukija kwa mabaharia, tutawachosha kidogo, kwa sababu hapa Mombasa ina nafasi ambayo Kisumu na Nairobi hazina, na tunaipoteza kwa macho.

Kijana anamaliza shule, anaambiwa asomee ubaharia. Analipa kozi za msingi: kuokoa maisha baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wake na wajibu chomboni, pamoja na ulinzi wa meli. Anapata vyeti, anapata kitabu cha baharia, anapimwa afya. Hadi hapa kila mtu amelipwa: chuo, daktari, mpiga picha wa pasipoti. Kisha anaketi. Cheti cha kuokoa maisha na cha kuzima moto vinapaswa kuthibitishwa upya kila miaka 5, na kuna vijana Likoni ambao vimewaishia bila kukanyaga sitaha. Kinachokosekana ni siku za bahari. Kwa kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia, anayetaka kushika zamu darajani kama baharia wa kawaida anahitaji miezi 6 baharini, au mafunzo maalumu na angalau miezi 2. Anayetaka kuwa afisa wa sitaha anahitaji angalau miezi 12 ndani ya mpango ulioidhinishwa, na daftari la mafunzo lililotiwa sahihi chomboni. Bila mpango huo ni miezi 36. Meli ndiyo darasa la mwisho, na darasa hilo halimo kwenye karo aliyolipa.

Basi tunaomba mambo mawili. Mamlaka ya Bahari itangaze kwa maandishi, kwa lugha rahisi, ni kazi gani kwenye tagi za kuvuta meli bandarini, boti za marubani wa meli, mashua za doria na feri za Likoni inahesabiwa kuwa siku za bahari, kwa vyeti gani na kwa kiwango gani. Kwa sasa kila kijana ana jibu lake alilopewa na rafiki. La pili, vyuo visichukue kadeti, yaani wanafunzi wa uafisa, zaidi ya nafasi za meli zilizokwisha kuandikwa. Kadeti 20 wenye meli ni mabaharia. Kadeti 200 wenye vyeti bila meli ni soko la madalali, na soko hilo limechangamka.

Dalali wa meli ana ulimi laini kuliko wa Saudia, kwa sababu anazungumza na kijana aliyesoma. Anamletea barua ya kazi ya meli ya kitalii, yenye nembo, na kudai pesa ya "usajili". Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unasema baharia asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati kama hiyo ya safari. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Hiyo ni sentensi moja. Ibandikwe ukutani kila chuo.

Na kuna kipimo ambacho mwalimu wa hesabu anaweza kukifundisha kwa dakika kumi. Kila meli kubwa ya biashara ina nambari ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, yenye tarakimu saba, na tarakimu ya saba inatokana na sita za kwanza. Chukua 9074729. Zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2: unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla ni 139, inaishia kwa 9, na tarakimu ya saba ni 9. Nambari imesimama. Barua nyingi za uongo zinaangukia hapo, maana aliyeziandika alibandika tarakimu zozote. Nambari ikisimama bado si uthibitisho, kwa sababu mwizi mjanja huiba nambari ya meli ya kweli. Hatua ya pili ni kutafuta mwenye meli ni nani na kumwandikia kwa anwani yake, si ile iliyo kwenye barua. Lakini ile ya kwanza peke yake inaokoa pesa nyingi za watu.

Neno moja pia kuhusu meli za uvuvi. Mkataba huo wa 2006 hauzihusu. Ukomo wake wa saa 14 za kazi kwa siku, na ulinzi wake wa mishahara ya hadi miezi minne meli ikitelekezwa, kijana asidhani anavyo akipanda chombo cha kuvua jodari. Aulize mkataba wake unasimama juu ya sheria ya nchi gani, na bendera ni ya nani.

Ujerumani tutaigusa tu. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya ajira mwezi Septemba 2024, na tangu hapo kila mtu anauza "kozi ya Ujerumani". Mlango pale ni lugha. Muuguzi kwa kawaida hutakiwa kiwango cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, ambacho kinachukua vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Anayeahidi miezi mitatu anauza hewa. Kinachotuchekesha na kutuuma ni kwamba ufukweni Bamburi kuna wauza vinyago wanaozungumza Kijerumani cha kumtosha mtu kubishana bei, kufanya mzaha na kumtuliza mteja aliyekasirika, walichokiokota kwa masikio tu, na hakuna aliyewahi kuwaweka darasani wajazwe sarufi na kupelekwa kwenye mtihani. Vyuo vya ufundi vya vijijini (village polytechnics) viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hilo darasa ni lenu.

Sasa marejeo, ambayo ndiyo tuliyoyaanza nayo. Msichana amerudi baada ya mikataba miwili. Kwa miaka minne amemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, amempa insulini, amepima presha, amelisha kwa mpira, amezungumza Kiarabu na familia siku nzima. Anashuka uwanja wa Moi na kwa karatasi zake yeye ni mtu wa darasa la nane. Hospitali hazimjui, hoteli hazimjui, benki haimjui. Baada ya miezi minane anatafuta ajenti tena, na mdogo wake anajifunza somo la pili: hata aliyerudi hakukaa.

Mitihani ya ufundi ya kupima ujuzi wa mtu bila kujali aliusomea wapi ipo nchini, pamoja na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Usiokuwepo ni mlango wake mtaani. Kaunti ifungue siku moja kwa mwezi, kwenye chuo cha ufundi cha kila kaunti ndogo, Kisauni, Nyali, Mvita, Likoni, Changamwe na Jomvu, ambapo aliyerudi anapimwa uangalizi wa wagonjwa, upishi, udereva au lugha, na anatoka na cheti kinachosomeka Mombasa na kinachosomeka Doha. Akiamua kusafiri tena, asafiri kwa ngazi ya juu na mshahara wa ngazi hiyo. Akiamua kukaa, ana cha kuweka mezani.

Na wazazi? Wazazi tuwaseme kidogo, maana si haki kuwabebesha ninyi kila kitu. Familia nyingi hukaa kikao kwa ajili ya nauli ya kwenda uwanja wa ndege na hazikai kikao kwa ajili ya pesa zitakazotumwa. Tunachowashauri ni akaunti mbili zifunguliwe kabla ya safari, moja ya matumizi ya nyumbani, nyingine kwa jina la msafiri peke yake, isiyotoleka hadi arudi. Kiasi cha kila moja kiandikwe, na mwezi wa kurudi uandikwe. Tunajua ni vigumu kumwambia mama hivyo. Mwalimu akilisema kwenye mkutano wa wazazi, linamezeka.

Fomu ya ukurasa mmoja tumekwisha kuichora, kwa Kiswahili. Orodha ya maneno mia mbili ya Kiarabu iko tayari pia, na hesabu ya riyali inaingia kwenye kipindi kimoja. Tunachoomba kwa mwanzo ni wadi moja ya majaribio, mkutano mmoja wa wazazi wa Gredi 9 katika kila shule kabla watoto hawajachagua mikondo ya sekondari, dakika 40 kwenye ratiba, na jina la afisa mmoja tutakayempigia simu mzazi akija na tarakimu kumi mkononi.

Wenu,
Wasomaji wa mikataba, walimu wa ushauri na wakufunzi wa mabaharia,
Mombasa